Nilisimama Kanisani Nikasema Shingo Imepona

Jamani, nimekosa. Sitazunguka. Nilisema uongo mbele ya watu, tena kanisani, na uongo wenyewe ulikuwa mtamu, wa kupigiwa vigelegele. Leo ninaogopa mpaka simu ikiita nashtuka. Nivumilieni niwasimulie, maana mume wangu nimeshamchosha na mama yangu mzazi hayupo tena.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Kikwe. Nilikuwa nafanya kazi shamba la maua kule Usa River. Unakata mashina, unapanga, unafunga mafungu, kutwa nzima umesimama. Mikono yangu ilikuwa myepesi, supavaiza akanibatiza jina la Mashine.

Siku moja shemeji yangu, mdogo wa mume wangu Baba Eli, alinipa lifti kwenda mjini. Tulipofika Tengeru foleni ikasimama, na sisi tukasimama. Lori lililokuwa nyuma yetu halikusimama.

Puu! Kichwa kilienda mbele kikarudi nyuma, nikasikia kitu kimelia shingoni. Halafu basi. Hakuna damu, hakuna mchubuko. Nilishuka kwa miguu yangu mwenyewe, na dereva wa lori alipokuja anatetemeka, mimi ndiye niliyembembeleza! "Usijali kaka, sisi wazima, Mungu mkubwa." Trafiki naye akaandika hivyo hivyo, kwamba abiria hawajaumia.

Maumivu yalikuja kesho yake nikiwa nakoroga uji wa watoto. Yalianzia nyuma ya shingo, yakashuka begani, yakapita mkono wote mpaka vidole viwili vya mwisho. Moto, jamani! Mwiko ukanidondoka.

Nikaenda polisi kuchukua PF3, ile fomu ya matibabu, nikaenda hospitali, nikapigwa eksirei. Daktari akaiangalia ile picha kwenye mwanga, akasema, "Mifupa yako yote iko sawa, mama." Nikapewa vidonge nikarudi nyumbani. Nikadhani wiki moja, mbili, yataisha. Wapi! Miezi ikapita. Kuna asubuhi niliamka, nikagusa mkono wangu kitandani, nikadhani ni wa mtoto. Sikuusikia kabisa. Nilipiga kelele mpaka Baba Eli akaja mbio kutoka bandani kwa ng'ombe.

Mtu akivunjika mguu watu humjia na sukari na maziwa. Mimi nilijiwa na macho. Kazini supavaiza ananiuliza, "Mashine, umeharibika wapi sasa? Mbona hatuoni?" Mama mkwe ndiyo usiseme. Ananitazama juu mpaka chini, anasema, "Mtu anayeumwa hanenepi hivyo." Yaani nikafika mahali nikaanza kujiuliza kama nina wazimu.

Aliyeniamini ni mmoja tu, jirani yangu. Nitamwita Mama Ndeshi, jina si lake. Ni mjane, mtu mzima kunizidi, naye ana ugonjwa wake wa sukari wa miaka mingi. Alikuwa anakuja asubuhi ananichotea maji, ananikatia majani ya ng'ombe, anaondoka. Hakuwahi kuniuliza hata siku moja kinachouma ni nini. Aliona nashika kikombe kwa mikono miwili, ikamtosha.

Sasa upande wa bima. Tulipodai fidia, kampuni iliyokatia bima lile lori ikajibu kwamba hakuna jeraha lililothibitishwa. Ndipo Baba Eli akanipeleka kwa wakili mmoja huko Njiro, binti mdogo tu, lakini ana akili! "Shikamoo mama," akanikalisha, akanisikiliza mpaka nikamaliza kulia.

Akaniambia, "Maumivu hayaonekani kwenye picha, mama, lakini yana mashahidi. Usikose kliniki hata mara moja. Mweleze daktari kila kinachokushinda, hata kufunga sidiria, usione aibu. Na wale wanaokuona kila siku, nitawaita waseme."

Mimi sikuwa natafuta utajiri, Mungu ananiona. Nilitaka nifikishwe kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu kabla mkono haujafa. Kwa hela zetu tusingeweza. Kila kitu kilikuwa juu ya hilo: niaminiwe, nitibiwe. Na mimi mwenyewe nikaharibu.

Ilikuwa hivi. Mama mkwe alinipeleka kuombewa. Sina neno na maombi, mimi ni mtu wa sala, na mchungaji wetu hata siku moja hajamwambia mtu aache hospitali. Nisemeni mimi, msimseme yeye.

Lakini kwetu ukishaombewa hadharani, hukai kimya. Watu wamefunga kwa ajili yako, wameacha chakula chao wakakulilia. Kila Jumapili ikifika saa ya shuhuda, vichwa vyote vinageuka kukutazama. Ukinyamaza unakuwa kama umewatupia maombi yao usoni. Tena wanaanza kunong'ona: huyu ana dhambi gani amefungia ndani?

Nilinyamaza Jumapili ya kwanza. Nikanyamaza na ya pili. Ya tatu, asubuhi, nilimeza vidonge kuliko nilivyoandikiwa ili niweze kukaa kwenye benchi. Ikafika saa ya shuhuda. Mchungaji akauliza nani ametendewa. Mama mkwe akanifinya paja. Na kweli, kwa vile vidonge, nilikuwa najisikia mwepesi. Nikasema moyoni, labda ndiyo huku kupona kwenyewe. Labda nikitamka tu, yataondoka.

Nikasimama. Nikauinua ule mkono juu kabisa. Nikasema, "Wapendwa, nimepona!"

Weee! Kanisa lilirindima. Vigelegele, ngoma, mama mkwe anaruka utadhani binti. Mama Ndeshi alinikumbatia akalia machozi mpaka kilemba changu kikalowa. Waimbaji wakarekodi kwa simu. Jioni ile ushuhuda wangu ulikuwa umeshasambaa kwenye makundi yote ya huku kwetu, na mbali zaidi.

Usiku vidonge vikaisha nguvu. Nililala nimeuma mto.

Sasa nifanyeje? Kliniki siendi, kwa sababu nesi wa pale tunasali naye. Ataniuliza nimefuata nini wakati nimepona! Nikaanza kununua vidonge kwenye maduka ya dawa ya Usa River, leo duka hili, kesho lile, nisizoeleke. Tumbo likaanza kuwaka. Kazini wakasema Mashine amerudi, wakanipanga chumba cha baridi cha kuhifadhia maua. Maji nikaanza kuchota mwenyewe, makusudi kabisa, Mama Ndeshi anione nimebeba ndoo. Nikipita kwake natembea shingo wima, natabasamu. Nikifika nyumbani nakaa chini jikoni nalia. Na wakili sikumwambia kitu. Akipiga simu namjibu, "Naendelea hivyo hivyo."

Ikafika siku ya kuitwa ofisini kwa wale watu wa bima, mjini. Nikaenda na wakili wangu. Tukapokelewa na baba mmoja mpole, shati limenyooka. "Karibu mama, chai au soda?" Nikasema maji. Akageuza kompyuta yake ikanitazama, akabonyeza.

Ni mimi! Na kilemba changu, na mkono wangu juu.

"Huyu ni nani, mama?"

"Ni mimi."

"Hapo unasemaje?"

"Nasema nimepona."

"Na ulipona?"

Nikamwangalia wakili wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa. "Sikupona, baba."

"Kwa hiyo ulidanganya mbele za Mungu."

"Ndiyo."

Akashusha pumzi, wala hakukasirika. "Sasa mimi ni nani, mama, hata usinidanganye?"

Akaendelea kwa sauti ile ile ya upole: tangu siku ile sijaonekana kliniki, tangu siku ile niko kazini, chumba cha baridi, sijaomba ruhusa. Akasema kudai bima kwa uongo ni kosa, watu wanashtakiwa. Nikaona polisi, nikaona watoto wangu wanalelewa na mama mkwe. Mkono unawaka muda wote huo, niko naye chumba kimoja, na siwezi kumwonyesha!

Nje wakili akaniuliza, "Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuonea aibu, mwanangu."

Akalifunga faili langu. "Mumeo watasema anatetea hela. Nitafutie mtu mwingine, mmoja tu, aliyekuona unaumia baada ya siku ile."

Mtu gani tena? Nimewaficha wote! Nikamfikiria Mama Ndeshi. Ana macho yale, labda aliona kitu hata nilipokuwa naigiza. Nikaenda kwake jioni ile ile.

Nikabisha hodi. "Karibu, pita tu, mimi leo siwezi kuinuka." Nikamkuta ameketi sebuleni, mguu wa kushoto juu ya kigoda, umefungwa kanga. Kabla sijakaa, harufu ikanifikia. Nikauliza, "Mama Ndeshi, huo mguu una nini?"

"Kidonda kidogo. Nilijikwaa kisimani. Kitapona."

"Na dawa zako za sukari?"

Akatabasamu, jamani. Lile tabasamu siwezi kulisahau. "Dawa nilishaacha tangu ule ushuhuda wako. Nikasema, kama Mungu amemtendea Mama Eli, mimi atanipita? Na mimi nimepokea."

Bima sikuikumbuka tena, wala ushahidi. Nikapiga magoti pale chini. "Mama Ndeshi, sikupona! Nilidanganya! Nilikuwa nimemeza vidonge. Twende hospitali sasa hivi."

Akacheka. "Acha mambo yako."

"Haki ya Mungu tena!"

"Usikufuru, Mama Eli. Nilikuona kwa macho yangu. Juzi tu umepita hapa na ndoo kichwani."

"Nilikuwa naigiza!"

Uso ukambadilika. "Shetani anataka kukunyang'anya, na wewe unamfungulia mlango. Kama unaumwa, nionyeshe. Unaumwa wapi? Mbona sioni kitu?"

Nikamwonyesha mkono. Mkono mzima, mzuri, hauna hata kovu. Nikashika kikombe chake kikanidondoka, akasema nimekiachia makusudi. Nikalia, akasema ni roho ya hofu. Nililia kama mtoto pale sakafuni, na kadiri nilivyolia ndivyo alivyozidi kuniombea. Yule mtu pekee aliyeniamini bila kuniuliza swali! Sasa namsihi aniamini kwa ajili ya uhai wake, na hataki.

Siku zilizobaki kufika Jumapili Baba Eli alienda kwake mara mbili, akafukuzwa. Jumapili nikasimama tena saa ya shuhuda. Watu wakaanza kupiga makofi kabla sijafungua mdomo, walidhani nina jingine. Nikasema, "Sikupona. Siku ile nilimeza vidonge. Mkono unauma hata sasa. Mama Ndeshi, nakuomba, rudi kwenye dawa zako."

Mama mkwe akachukua mkoba wake akatoka. Mchungaji akaja akasimama pembeni yangu, akamwita Mama Ndeshi kwa jina, akamwambia mbele ya wote aende hospitali siku hiyo hiyo. Ndipo akakubali. Walimbeba. Alipopita karibu yangu hakunitazama.

Jumanne wamemkata mguu, chini ya goti. Nilienda na uji wa moto, nesi akaniambia mgonjwa amesema nisiruhusiwe. Nikaurudisha uji nyumbani.

Wakili anasema madai bado hayajafungwa, lakini bila shahidi ni magumu sana, na kesi ya uongo inaweza kuja wakati wowote. Nimerudi kliniki, naanza upya, nesi ananiandika bila kuniangalia. Kidole cha mwisho hakikunjiki tena. Nikisikia pikipiki imesimama getini nadhani ni polisi, au ni mtu ameleta habari za wodini. Sijui kipi naogopa zaidi.

Ndugu yangu unayesoma, kama umepata ajali na huna jeraha la kuonyesha, usijikaze. Usimbembeleze dereva kwamba u mzima. Ikiuma sema inauma, kazini sema, kwa daktari sema, kwa mama mkwe sema, hata kanisani wanapokungoja wakiwa wameshashika ngoma. Wakikuona mdhaifu, basi wakuone.

Na kuna jambo linaninyima usingizi kuliko bima na polisi. Ile video nimeomba ifutwe, wamefuta wachache. Watu wa mbali wanaendelea kutumiana, na chini wanaandika "amina, na mimi napokea." Siwajui. Sijui wanaumwa nini, sijui nani amesharudisha vidonge vyake kabatini. Ikikufikia, ni mwanamke wa kilemba cha kijani ameinua mkono wa kulia analia. Ni mimi. Sikupona. Tafadhali, meza dawa zako.