Shemeji Aomba Wayland

Tarehe 9 Machi 2022, kamati ya ukumbi wa michezo ya kompyuta ilimfungia fundi wake kucheza kwa miaka mitano, kwa kosa la kumsingizia mchezaji mwenzake wizi wa ushindi. Mwenzake huyo ni mume wa dada yake. Kazi ya kutunza mashine kumi na mbili zinazoendeshwa na mfumo wa Linux aliachiwa. Hakukuwa na mwingine aliyeiweza.

Hakuwa amesingizia. Mashine zilitumia X11, mfumo mkongwe wa kuonyesha picha kwenye kioo, ambao huiacha programu yoyote ichungulie madirisha ya wenzake. Shemeji alikuwa na kijiprogramu kilichosaka rangi nyekundu ya adui na kufyatua risasi kwa niaba yake. Fundi alikijua, ila ushahidi hakuwa nao.

Kila Ijumaa shemeji aliingia akipaza sauti. "Mpelelezi wetu yupo? Shemeji, leo umenikamata na nini?" Ukumbi ukacheka. Fundi aliendelea kukaza skrubu.

Alikuwa akiisoma Wayland, mfumo mpya usioruhusu programu kuchungulia dirisha la jirani. Wachezaji hawakuutaka; walidai unakichelewesha kipanya. Akasubiri miaka miwili mpaka kasoro zikarekebishwa, kisha akawawekea wachezaji wawili tu. Picha ziliacha kukatika katikati. Wengine wakaanza kumganda, na aliyeomba kwa kelele zaidi alikuwa shemeji.

"Na mimi niwekee, bwana! Au bado una kinyongo?"

"Kinyongo cha nini, shemeji? Lete kiti."

Alimwekea, akaing'oa X11 yote.

Kwenye fainali ya mwezi uliopita, kijiprogramu kiliomba picha ya kioo kikapewa weusi mtupu. Shemeji aliuawa mara kumi na tisa bila kuua hata mmoja. Akainuka akifoka kwamba mashine ni mbovu. Fundi akaiunganisha na kioo kikubwa cha ukutani, akafungua kumbukumbu za mashine hiyo. Jina la kijiprogramu lilijipanga mstari kwa mstari: kimeshindwa kusoma kioo, kimeshindwa kusoma kioo.

"Wasomee watu, shemeji. Kwa sauti."

Hakuna aliyecheka.

Jioni dada yake alipiga simu. "Umemvua nguo mume wangu hadharani!"

"Alizivua mwenyewe, dada. Mimi niliwasha taa tu."

Kamati inakutana Jumanne. Fundi hajaomba kufunguliwa. Ameomba shemeji afungiwe maisha, na barua ya uamuzi aibandike ukutani yeye fundi.