Shamba la Kijani Katikati ya Ziwa

“Malalamiko Kuhusu Unyevu wa Shamba.” Ndivyo shauri lilivyoandikwa jaladani pale Base Camp, kwenye ofisi za kambi ya wakimbizi ya Nakivale.

Mlalamikaji, mama mkimbizi kutoka Zaire, alisimama mbele yangu kwenye foleni, mbegu za maharage kafunga kitambaani, na mvua ilikuwa imekaribia. Afisa alikuwa amemgawia shamba kwa kufuata picha ya setilaiti iliyoletwa kutoka Mbarara.

“Shefu, ile fasi ni ziwa.”

“Mama, hapa ni kijani, na kijani ni majani. Hii picha ilipigwa kutoka juu kabisa. Wewe uliangalia kutoka wapi?”

“Kutoka mu mayi, shefu. Yalinifika mu magoti.”

Setilaiti haikukosea. Ziwa letu limejaa mwani, na kutoka juu ni kijani kweli. Majani yaliongezwa na ofisi.

Tukaenda kuhakikisha. Afisa aliingia ziwani mpaka kiunoni, picha kaiinua juu ya kichwa isilowe.

“Picha iko sawa,” akatamka. “Shamba ndiyo imejaa maji.”

Mama akapewa shamba jingine kule Rubondo, humu humu kambini, la muda tu, mpaka lile la kwanza likauke.