Nyeusi ya Kwenye Ramani

"Hapana, papa. Hiyo nyeusi ya kwenye ramani si jiwe yenye imepola."

Papa alikuwa ameniuliza kama mi ndiye nitamufundisha jiwe, yeye mwenye alijenga nyumba mbili juu ya lava.

"Nyekundu ndiyo moto," alisema. "Nyeusi imeshapola, mutu anajenga. Hata mutoto wa Goma anajua."

Ilikuwa kweli, na ndiyo ilinikasirisha. Tangu volkano itoke tulikuwa tunalala Murara kwa mama mukubwa, watu kumi ndani ya chumba moja. Watu wa ofisi ya volkano walikuwa wamechora ramani ya mazuku, ile hewa mbaya yenye inatoka ndani ya udongo, inakaa chini-chini na kuua mutu akilala. Njano waliweka kwa hatari kidogo, nyekundu kwa hatari kubwa, nyeusi kwa ile ya kupita zote. Kwenye walisomea, labda nyeusi inaogopesha. Kwetu ni msingi wa nyumba. Na parseli yetu ya Mugunga, kiwanja kwenye papa alitaka turudi, ilikuwa katikati ya nyeusi.

Maelezo ya rangi yalikuwa chini kabisa, kwa Kifaransa, herufi ndogo kama chawa. Mi niliyasoma kwenye ukuta wa parokia. Lakini ile picha yenye ilizunguka kwa WhatsApp, mwenye kuipiga alikata chini.

"Onyesha kwenye imeandikwa," papa alisema, anageuza telefone huku na huku.

"Imekatwa."

"Aa, imekatwa!" Mama mukubwa alicheka mpaka akashika tumbo. "Mwenye diplome anasoma hata yenye haiko!"

Nilikimbia mpaka parokia. Mvua ilikuwa imebandua ramani. Kwenye ukuta kulibaki gundi tu. Nilisimama pale nikitukana, sijui nilikuwa namutukana nani. Mutu alichora vizuri, akapima vizuri, halafu akachagua rangi moja tu bila kuuliza hata mama wa sokoni ataisoma namna gani.

Nilirudi. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba vitu, ilikuwa imeshaitwa ya kesho asubuhi. Mama alikuwa anafunga sufuria ndani ya kitenge.

"Muache papa yako," aliniambia. "Tumelala kwa watu ya kutosha."

Papa hakupiga kelele tena. Afazali angepiga.

"Mama," aliniita hivyo, kama anataka kunibembeleza, "nilikimbia waasi mara mbili. Nikakimbia volkano. Sasa nikimbie hata karatasi?"

Niliangalia mudogo wangu, miezi tano, amelala juu ya mukeka. Kule Mugunga pia, kitanda kilikuwa kimoja, cha wazazi. Sisi watoto tulikuwa tunalala chini.

Nikaamua: kesho asubuhi mutoto nitamubeba mimi mugongoni, na tukifika sitamushusha chini, hata wote wakinicheka.