Cherehani iliyouzwa kwa hofu ya mwaka 2000

Saa kumi na mbili asubuhi, karibu na soko la samaki la Kituku, Mama Saumu anafungua kufuli la kibanda chake cha kuchajia simu na kutangaza kwamba Goma nzima hakuna mutu asiyeogopa mashini kama yeye.

“Hata moja haijawahi kunitisha,” anasema, akichomeka simu ya kwanza. “Isipokuwa ule mwaka wa elfu mbili. Ule nililala chini ya kitanda.”

Ana miaka sitini na saba. Shule aliiachia darasa la sita huko Kasongo, akaja Goma na mumewe Jumaine, dereva wa lori. Yeye alikuwa akishona nguo. Mwishoni mwa 1999 jirani yao, Kambere, akaanza kupita nyumba kwa nyumba na habari alizodai kuzisikia redioni: kompyuta za Wazungu zitashindwa kuhesabu mwaka mpya, ndege zitaanguka, njaa itafuata.

“Mtaa mzima hatukuwa na kompyuta,” anasema. “Lakini mutu akikuambia utakufa, huulizi utakufa na nini.”

Akauza cherehani, akanunua gunia la maharage na katoni ya mishumaa. Mwaka mpya ulipoingia, saa sita kamili usiku, taa zikazimika. Mtaa ukapiga yowe. Jumaine akasoma dua zote alizozijua, akarudia toka mwanzo. Asubuhi ndipo mtu mmoja akakumbuka kwamba jana yake ilikuwa Ijumaa, na umeme wa mtaa ule ulikatwa kila Ijumaa saa sita usiku.

Cherehani aliinunua Kambere.

“Akanipa na kazi,” anasema Mama Saumu. “Miaka miwili nikamshonea nguo za watu kwenye cherehani yangu mwenyewe. Kila mwezi ananiambia, mama, shukuru, dunia haikuisha.”

Zilipofika simu za mkononi, mtaani wakasema mnara wake utawasha gesi iliyo chini ya ziwa la hapa Goma, watu wachemke pamoja na samaki. Jumaine akahamisha kitanda upande usiotazama ziwa. Ziwa likatulia. Mwaka 2002 uliwaka mlima, na lava ikaimeza nyumba, kitanda kikiwa palepale upande wa salama.

Jumaine mwenyewe aliuawa mwaka 2012 kwenye barabara ya Kibumba.

“Bunduki kuukuu, kitako kimefungwa na mpira,” anasema, akipangusa simu isiyo na vumbi. “Walitutisha na vitu vipya miaka yote. Vya zamani nani alitutabiria?”

Mwaka juzi alikuwa akichaji simu arobaini kwa siku, faranga mia tano kila moja. Kisha paneli ndogo za jua zikashuka bei, zikajaa juu ya mabati ya mtaa, na simu zikabaki kumi na mbili. Kibanda ndicho kinachomlisha yeye na mjukuu wake Daniella, aliye sekondari. Zikishuka chini ya kumi, anasema, atafunga.

Ila wiki hii zimepanda hadi ishirini. Mvua zimeanza, na mtaani kuna maneno kwamba paneli inaita radi.

Nani kayaanzisha?

“Batu hawajifunzi,” anajibu, akitikisa kichwa kwa huzuni. “Mimi siwezi kumtisha mutu ili nipate biashara. Ile ni kazi ya Kambere.”

Mpango wake ni kununua friji ndogo, auze maji baridi kwa wavuvi. “Kapaneli ka juu ya bati hakawezi kubeba friji,” anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii uso wake unafunguka.

Pikipiki inasimama mlangoni. Ni Célestin, dereva wa teksi, ana simu mbili mkononi.

“Jambo, Mama Saumu. Ile paneli nimeishusha kama ulivyoniambia jana. Sasa mke wangu anauliza: na taa yake tuitoe, ama radi inafuata paneli peke yake?”

Mama Saumu anainama chini ya meza kutafuta waya. Anautafuta kwa muda mrefu. Waya umo mkononi mwake.