Waifai Ilipopotea Nikiwa Ndani ya Eda

Marehemu mume wangu alikuwa na desturi moja na kompyuta yake ambayo sikuitilia maanani mpaka alipofariki. Kila ulipomtokezea ujumbe kwamba kuna sasisho jipya, ikamuuliza ijibadilishe sasa au baadaye, yeye alibonyeza baadaye. Miaka nenda miaka rudi, baadaye. Nilidhani ni uvivu wa mwalimu mstaafu. Alifundisha jiografia sekondari mpaka nywele zikamwisha, na alipostaafu alijiona amekwisha badilika vya kutosha, yeye na kompyuta yake.

Alifariki asubuhi, hapa hapa nyumbani kwetu Nguvumali, na kwa desturi yetu ya kutomchelewesha maiti, baada ya Alasiri alikuwa amekwisha zikwa. Nami nikaingia eda. Kwa asiyejua, mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, wala hakai chumba kimoja na mwanamume asiye maharimu yake. Mama yangu mdogo, mdogo wake mama mzazi, alihamia kwangu kunilinda nisikae peke yangu. Anilinde mimi, na ailinde eda yenyewe, maana yeye kwa mambo ya sheria hana mchezo.

Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, yuko Aljeria anasoma udaktari. Habari ilipomfikia, jeneza lilikuwa tayari linatoka mlangoni. Binamu yake mmoja alijaribu kumwonyesha mazishi kwa simu. Mtoto akaona turubai, akaona miguu ya watu, akasikia wanaume wawili wakibishana juu ya masufuria ya kukodi, kisha chaji ikaisha. Hayo ndiyo aliyoyapata katika mazishi ya baba yake. Simu yangu mimi ilitumbukia kwenye ndoo ya maji katika heka heka za siku ile ile, nikabaki na kitochi cha Mama Mdogo, simu ya vitufe isiyo na intaneti. Simu mpya niliagiza kwa mtu anayekuja kutoka Dar es Salaam, na yeye kila nikimuuliza anakuja kesho.

Kwa hiyo kompyuta ya marehemu ndiyo ikawa njia yetu. Kila siku kati ya Magharibi na Isha niliifungua mezani, na binti yangu akaonekana, nyuma yake ukuta mweupe wa bweni. Tukasoma Yasini pamoja, tukazungumza, wakati mwingine tukanyamaza tu kila mtu na lake. Lililonitia hofu ni kwamba hakulia. Siku ya kwanza hakulia, nikasema ni mshtuko. Baadaye pia hakulia. Akawa anasema baba anapenda hiki, baba hataki kile, kama mtu aliyeko. Alianza kukonda usoni, na masomo, aliniambia, hayaingii.

Siku moja nikamuuliza. Akanijibu taratibu, "Mama, nimesikia kwa masikio tu. Moyoni kwangu baba yuko Kigombe. Atarudi Alhamisi."

Hapo Kigombe panahitaji maelezo. Mume wangu alikuwa na mke wa pili huko. Yule bibi ana steshenari, duka la kuchapa na kutoa kopi, na mume wangu alikwenda kwake kuchapisha mitihani akarudi na mke. Mtanisamehe kwa kuisema hivyo, nimeisema hivyo miaka mingi na ulimi umezoea. Siku zake aligawa kwa haki, siwezi kumsingizia, na Alhamisi ndiyo siku aliyorudi kwangu. Mimi na mwenzangu tulikuwa watu wa salamu. Kwenye harusi na misiba tulipeana mikono, tukaulizana hali, kila mmoja akaenda upande wake.

Basi binti yangu akasema, "Nataka kuiona hitima ya arobaini, mama. Yote, tangu watu wanavyoingia mpaka dua ya mwisho. Na isiwe kwa simu ya mtu. Niwekee kompyuta mahali pamoja, nikae kama nimekaa na nyinyi. Labda hapo nitaamini." Nikamuahidi.

Ilipobaki wiki moja, kompyuta ikaniuliza lile swali lake. Sasa au baadaye? Nikabonyeza baadaye. Kesho yake ikauliza tena, nikabonyeza baadaye. Ilipouliza mara ya tatu, nafsi ikanisuta. Sisi tumelelewa kwamba mtu anapiga hodi mara tatu, na hodi ya tatu usipoijibu ilhali umo ndani, huna adabu. Mgeni hugeuka akaenda zake, na wewe unabaki na fedheha yako. Ndivyo nilivyoiona, wallahi. Nikaikaribisha. Mama Mdogo akauliza nafanya nini, nikamwambia kompyuta inaomba kitu, akasema, "Ikiwa kitu chenyewe unacho, ipe."

Ikazima, ikawaka, ikazungusha duara lake mpaka nikamaliza kuchambua mchele. Ilipofunguka kila kitu kilikuwa kizuri na kipya, isipokuwa waifai haikuwapo. Sisemi ilikuwa dhaifu. Haikuwapo kabisa. Pale pembeni palipokuwa na alama yake pakawa na kitu kama tufe lililopigwa mstari. Nikaifungua ile sehemu inayoonyesha mitandao, ikawa tupu. Siku zote nilikuwa nikiona wa kwetu, wa jirani, na wa yule kijana wa duka la dawa, sasa kama vile mtaa mzima umehama. Kile kisanduku cha mtandao ukutani taa zake zilikuwa zinawaka vizuri tu. Jioni hiyo binti yangu alisubiri asinione. Nikampigia kwa kitochi, tukasema maneno mawili matatu, salio likakatika.

Kesho yake nikampa mwendesha bodaboda wetu wa mtaani ile kompyuta aipeleke mjini kwa fundi. Fundi akapiga simu kabla ya Adhuhuri. Dawa yake, alisema, ni kuifuta yote na kuipiga upya. Nikamuuliza, na vilivyomo? Akasema vilivyomo vitakwenda. Humo zimo picha za marehemu, zimo sauti zake akimrekodia binti yake masomo ya mito na milima alipokuwa darasa la saba. Nikamwambia asiguse hata kitufe kimoja, airudishe hivyo hivyo ilivyo mgonjwa. Nadhani nilimwambia kwa ukali, maana alisema samahani mama kabla sijamaliza.

Nikasema basi labda aje fundi mwingine, akae upande wa pili wa pazia, mimi nibonyeze. Mama Mdogo hakutaka kulisikia. "Fundi wa kiume akae sebuleni kwa mjane, pazia katikati, mchana kutwa? Watu watasema nini?" Nikamwambia watu waseme, mwanangu anaangamia. Nikalia, tena kwa hasira. Aliniacha nilie. Kisha akaniuliza kama mtu anayeuliza bei ya nazi, "Kwani mwenzio wa Kigombe si ndiyo kazi yake hizo kompyuta?"

Nilikuwa sijamfikiria, au nilimfikiria nikampitia mbali. Naye kuja hakuweza. Mume ni mmoja, kifo ni kimoja, na eda ilitukamata sote wawili siku moja, mimi ndani ya nyumba yangu na yeye ndani ya yake. Siku ya msiba alifika jeneza likiwa limekwisha kwenda makaburini, akakaa kidogo upenuni kwa wanawake, akarudishwa kwake kabla ya Magharibi akakae eda. Nilikumbuka kumpa mkono. Sikukumbuka kama alisema neno.

Nikampigia.

"Shikamoo dada," akasema. Niliposema halo tu aliijua sauti yangu, ingawa namba ilikuwa ya Mama Mdogo.

"Marahaba mwenzangu. Wajionaje na hali?"

"Namshukuru Mungu. Nyie je?"

Nikamweleza yote, mpaka ile hodi ya tatu. Hakucheka. Akaniuliza kompyuta ni ile nyeusi yenye ufa pembeni? Nikasema ndiyo. Akavuta pumzi. "Ile nilimkataza marehemu kuigusa. Kila aliponiletea nilimwambia, hii kuukuu, ikikuomba ibadilike iambie baadaye."

Kwa hiyo ile desturi haikuwa uvivu wa mwalimu, yalikuwa maagizo ya Kigombe. Kitu kilinichoma hapo, sitaficha, na wakati huo huo nikaona raha kwamba kuna mtu duniani anayeijua ile kompyuta.

Tukaanza kazi. Mama Mdogo alishika kitochi kimewekwa sauti kubwa, mimi nikashika kipanya. Mwenzangu hakuwa na haraka. Alinipeleka kwenye alama ya kuanzia, nibonyeze kwa upande wa kulia, nitafute orodha ya vifaa vilivyomo ndani. Kiingereza changu ni cha kwenda nacho sokoni, lakini alinielekeza kwa mahali. "La tatu kutoka juu, dada. Hapana, hilo la chini yake. Sasa shuka mpaka penye vifaa vya mtandao. Vyaonekana vingapi?"

"Viwili. Kimoja kina kialama cha njano."

"Huyo wa njano ndiye mgonjwa wetu. Ndicho kinachoshika waifai. Kila kifaa kina programu yake ya kukiendesha. Sasisho limeleta mpya, na hiyo mpya haipatani na kompyuta ya zamani. Tutairudisha ile ya kwanza. Yaijua nyumba."

Mama Mdogo akanitazama juu ya miwani. Nikasema, "Vyema, mwenzangu. Ya kwanza irudi."

"Dada, mimi nazungumzia kompyuta."

"Na mimi pia."

Akaanza yeye kucheka. Nikacheka nami, kicheko kilichonitoa machozi, na Mama Mdogo akasema haya ndiyo mambo gani wajane wawili edani. Lakini kitochi hakukishusha.

Nikabonyeza pale aliponiambia. Ikauliza kama nina hakika, nikasema nina hakika. Ikazima, ikawaka. Sikuweza kutazama, nikamwachia Mama Mdogo, ambaye hajui kompyuta na hataki kuijua. Akasema, "Kuna vitu vimejipanga hapa." Nilipogeuka nikaona mtandao wetu, na wa jirani, na wa duka la dawa, wote wamerudi mtaani. Nilimshukuru Mungu, kisha nikamshukuru mwenzangu. Maneno yalinitoka mengi, ya miaka, na sikuyapanga. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Si neno, dada. Yule mtoto ni wangu pia."

Sikukata simu. Nikamuuliza hitima yeye ataisomea wapi. Akasema hapo hapo kwake, pamoja na jirani mmoja atakayekuja Alasiri. Duka amelifunga, kompyuta zote amezifunika kanga. Hana mtoto, na nduguze wako Moa, wamekwisha kuja na kuondoka. Alisema hivyo bila kulalamika, na mimi nikaona aibu kwa ajili yetu sote, ukoo mzima, tuliokuwa tunapanga mikeka na wapishi bila mtu kumtaja.

"Funua kompyuta moja," nikamwambia. "Mwanao atakuunganisha."

Siku ya arobaini tuliiweka kompyuta juu ya kabati fupi, mahali inapoona chumba chote cha wanawake. Kioo kilikuwa kimegawanyika. Upande mmoja binti yangu na mtandio wake mweupe, upande wa pili mwenzangu wa Kigombe amekaa wima kama mtu aliyekuja ugenini, msahafu mapajani. Wanawake walivyoingia, mmoja mmoja aliwasalimia, wengine wakipiga kelele kama wanamwita mtu ng'ambo ya mto. Ubani ukafuka. Juzuu zikagawiwa, na binti yangu akapewa yake na mwenzangu yake. Tukasoma. Waifai haikutikisika hata mara moja, na mimi kila nikigeuza ukurasa nilikuwa nikiitazama ile alama pembeni, nikisema alhamdulillahi kimoyomoyo.

Dua ilipofika mahali pa kumtaja marehemu, bibi aliyekuwa akituombea alilitaja jina lake na la baba yake, akamwombea kaburi lenye nafasi na nuru. Chumba kizima kikaitikia amina. Nikasikia amina mbili zimechelewa kidogo, zimetoka kwenye kompyuta.

Ndipo binti yangu akashusha msahafu. Uso wake ukabadilika taratibu, midomo ikatetemeka kama alipokuwa mdogo, akasema mbele ya watu wote, "Mama, baba amekufa."

Niliinuka niiendee kompyuta, nikatanguliwa. Akamjibu yule wa upande wa pili, kutoka Kigombe, kwa upole ambao sijausahau.

"Ndiyo, mwanangu. Amekufa. Lia, sisi tupo."

Akalia. Alilia mpaka wanawake wakaacha kukunja mikeka, na sisi mama zake wawili tukakaa naye, kila mmoja ndani ya eda yake, hakuna aliyemwambia anyamaze.