Mita Sita za Bure

Siku ya kwanza Mama Mchanga kufika kwa dobi, alitaja sharti lake kabla ya kuvuta kiti: hataki malipo ya kumpimia mahali na kina cha kisima. Anataka ufunguo wa mfuniko wa kisima, ashushe kipimo chake cha maji kila Ijumaa kwa miaka kumi.

Dobi, aliyeanza na pasi moja ya mkaa na sasa ana mashine nne, alikubali chapuchapu kabla mama huyo hajabadili mawazo. Maji ya bomba yalikuja siku mbili kwa wiki. Bila kisima, mashine zile zingebaki vitanda vya paka.

Kazi ya Mama Mchanga ni kuchunguza miamba na maji ya chini ya ardhi. Jina hilo alipewa na wanawe, maana kila trei ya mayai nyumbani imejaa mchanga: kila mita ya shimo, kitundu chake.

"Mita ishirini na nne, fundi, usizidi," alimwagiza mchimbaji, akimkabidhi trei tupu. "Pwani hapa maji matamu yamekaa juu ya maji chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Ukipitiliza, umeyachanganya."

Alipoondoka, dobi akamsogelea fundi.

"Ndiyo tunaachana hivihivi, bila nyongeza?"

"Haya bosi, chukua mita sita juu."

Kesho yake pampu iliunguruma. Dobi akaloweka soksi, akasugua sabuni, akasugua tena. Povu hakuna, sabuni ilikatika mabonge kama maziwa yaliyoharibika. Akaonja, akatema.

Mama Mchanga akaitwa. Aliitazama trei: vitundu vyote thelathini vimejaa.

"Kaka, haya mayai sita ya mwisho kataga nani?"

Fundi akamwonyesha dobi kwa kidevu.

"Nilidhani kina ni kina tu, mama," dobi alisema.

"Umeomba nyongeza, umepewa bahari."

"Sasa ndiyo basi?"

"Kinatibika. Ila na mimi nataka nyongeza yangu."

Fundi akaziba chini kwa udongo na saruji, bila kulipwa. Pampu kubwa aliyojivunia dobi ikarudi dukani, ikaja ndogo inayovuta taratibu, isipandishe maji chumvi. Baada ya wiki tatu soksi zilitoa povu hadi kwenye viwiko.

Dobi akapata maji yake. Mama Mchanga akapata Ijumaa zake, si za miaka kumi tena, bali kumi na sita: mwaka kwa kila mita ya bure.