Gome la Boriti ya Veranda

Boriti zile nilizitaka mwenyewe. Nilikuwa nimeziona katika hoteli moja ya pwani tulikoenda kwa semina ya kazi, nikarudi kwetu Noonkopir, mjini Kitengela, na wazimu wa kujenga veranda kama ile. Mume wangu aliniambia nguzo za chuma zingetosha. Sikusikia. Boriti za mkoko zilipofika, zikiwa bado na magome yake, nilimsimamia fundi mpaka akazichovya zote, juu na chini, ndani ya pipa la dawa ya mchwa, maana mchwa wa Kitengela hawana adabu.

Wiki iliyofuata binti yetu wa miaka miwili alianza kuhara. Kliniki walitupa chumvi ya kuchanganya na maji na vidonge vya zinki, na mama mkwe wangu akaja kutoka bomani kwake, upande wa Magadi, amlinde nikiwa kazini. Mama huyu hajawahi kuona bahari. Lakini miti anaijua. Anachuna gome, anatafuna kidogo, anatema, kisha anakuambia huu ni wa tumbo, huu wa magoti, huu wa kuoshea kidonda. Nilikuwa nikimtania kwamba akiachwa kwa seremala atakula milango.

Siku ya tatu nilirudi mapema, saa tisa. Boriti ya kwanza ilikuwa imechunwa kuanzia kimo cha bega kwenda juu. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda, mtoto akicheza miguuni pake, sufuria ya maji mekundu kando yake na kikombe mkononi. Aliniambia kwa furaha kwamba amepata mti unaokaza ulimi kabisa kama olkiloriti, ule ambao kwao huchemshwa kwenye supu, na kwamba mti wa namna hiyo lazima utafunga tumbo la mtoto.

Nilikumbuka lile pipa la dawa. Nilikipiga kile kikombe kikaanguka, nikamfokea mama wa mume wangu kwa maneno ambayo mkaza mwana hamwambii mama mkwe. Nilimuuliza kama amekuja kuniulia mtoto. Nikamnyakua binti yangu, nikamnusa mdomo, nikamtia kidole kinywani.

Mama hakupandisha sauti. Aliniita nkerai ai, mtoto wangu, kama anavyoniita siku zote.

"Yeye hajapewa," alisema. "Mti kama hauijui, mkubwa ndio anakunywa kwanza. Mimi nimekunywa tangu asubuhi. Nilikuwa nangoja jua ifike kwa mlango, nikiwa sawa ndio nimpee."

Ndipo nilipomtazama. Jasho lilikuwa likimtiririka, mate yakimtoka pembeni mwa mdomo, na mikono ikimcheza. Yeye alidhani ni joto tu.

Hospitalini nilimkabidhi daktari chupa ya dawa ya mchwa na kipande cha gome, nikamweleza kila kitu. Walimhangaikia mama mpaka pumzi yake ikatulia. Baadaye daktari, dada mmoja mpole, aliligeuza lile gome mkononi. Alisema yeye ni mzaliwa wa pwani, na kwamba bibi yake alikuwa akichemsha gome la mkoko kwa ajili ya watu wanaohara. Siku hizi hata watafiti wanalichunguza kwenye maabara, akasema, ingawa bado si kitu cha kumpa mtoto.

"Mama hakukosea mti," aliniambia. "Sumu imetoka kwa pipa lenu."

Mama alilazwa siku nne. Nilimwomba msamaha kando ya kitanda, kwa maneno yangu na kwa kutomwambia habari za dawa ile, nikilia bila haya, naye akataka kujua tu kama mtoto ameacha kuhara. Nikamwambia ameacha.

Siku aliyoruhusiwa kutoka tulifika nyumbani saa tisa, saa ile ile niliyorudi kutoka kazini siku ile. Nilimshika mkono kumpandisha verandani, na macho yangu yakaenda sakafuni. Jua lilikuwa limebakisha shubiri moja kufika mlangoni.